Mate ya Mzee Matiko

Mashine ililia mara moja. Ingelia mara mbili, Nyagonchera na watu wake kumi na watatu wangepata mahali pa kujenga huko juu Kemange. Ililia mara moja, taa nyekundu ikawaka, na Daktari Robhi Matiko akaitazama kana kwamba ingeona haya na kujizima.

Haikuona haya. Watu wa Nyakerendo waliipa mashine ile jina la Msemakweli, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli. Ulitema mate kwenye kichupa, kichupa kikaingizwa tumboni mwake, na kabla chai haijapoa ilikuwa imeshakwambia wewe ni wa nani. Ilikuwa haijakosea hata siku moja, au ndivyo Tume ya Makazi ilivyokuwa ikisema.

Mbele ya meza waliketi watu watatu. Nyagonchera alikuwa bibi wa miaka themanini na ushee, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka. Pembeni yake aliketi Bhoke, mkewe. Wa tatu alikuwa Sasi, mtoto wa Bhoke, mwanamume wa miaka arobaini aliyekuwa akikunjakunja kofia yake magotini. Nyagonchera alifiwa na mume bila kujaliwa mtoto wa kiume, akafanya walivyofanya wanawake wa kwao tangu enzi: akatoa ng'ombe, akaoa mke, nyumba isije ikazimika. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Bhoke akaingia, akazaa, na watoto wakawa wa nyumba ile kwa jina la marehemu. Aliyemtia mimba Bhoke hakuulizwa na mtu. Kuuliza ni kuitukana nyumba.

"Imesemaje?" Nyagonchera aliuliza.

"Imesema hapana, bibi. Inasema Sasi si wa ukoo wetu wa Wanyarero."

"Aa! Na mimi je, niliyemkata kitovu?"

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu ziwa lipande na kuyameza mabonde yote ya Wanyarero, mashamba, makaburi na shule. Nyumba kumi na tatu za ukoo zilikuwa zimejibana kwenye mahema nyuma ya ghala la zamani la pamba, na maji yalikuwa yakisogea kila msimu. Mahakama ilikuwa imewarudishia mlima wa Kemange, ambao babu zao walinyang'anywa, ila kwa sharti moja: wapande wazao wa Wanyarero peke yao, waliothibitishwa kwa vinasaba. Orodha ilitakiwa Ijumaa adhuhuri. Asiyekuwamo angepelekwa kambi ya mbali, nchi asiyojua hata jina la miti yake.

"Nieleze hiyo mashine inaona nini," Nyagonchera alisema. "Mimi nina muda. Hema halina kazi."

Robhi alivuta kiti. "Mwili wa mtu una maandishi, bibi. Marefu sana, ila herufi zake ni nne tu, zinajirudiarudia. Mtoto hunakili ya wazazi wake. Kuna sehemu moja mwanamume huipata kwa baba yake tu, na yeye huwapa wanawe wa kiume tu. Humo mna mahali neno fupi limerudiwa. Kwa huyu mara kumi na nne, kwa yule mara kumi na saba. Hizo ndizo alama. Msemakweli anasoma mahali ishirini na saba, anahesabu marudio, kisha analinganisha na msingi wa ukoo, yaani alama zilizochukuliwa kwa Wanyarero zamani."

"Na zinasema mtu ni mtu gani?"

"Hazisemi. Zipo alama nyingine za hospitali, zinaonyesha ugonjwa unaofuata familia. Zipo za wafugaji, za kuchagua ndama wa maziwa. Hizi zetu hazisemi kama mtu ni mvivu au mkarimu. Zinasema tu nani kanakili kutoka kwa nani."

"Kama kukata ng'ombe masikio."

"Karibu na hapo, bibi."

"Karibu, lakini sipo. Sikio la ndama nalikata mimi mwenye zizi. Dume la jirani likiruka ua likampanda ng'ombe wangu, ndama ni wa nani?"

"Wako, bibi."

"Basi mwambie huyo," Nyagonchera alisema, akiionyesha mashine kwa kidevu, "akajifunze kufuga."

Bhoke alicheka. Sasi hakucheka, na Robhi naye hakucheka. Alisema angepima tena, ingawa alijua kupima tena kusingebadilisha kitu, na akaiacha fomu bila sahihi.

*

Hadi Jumatano adhuhuri Robhi alikuwa amepima nyumba zote kumi na tatu, na alikuwa hali wala hanywi. Nyumba moja tu ndiyo ilipita: nyumba ya marehemu Mzee Matiko Keraryo, nyumba kubwa ya ukoo. Ndiyo nyumba yake yeye mwenyewe. Siku ya kwanza Msemakweli alilia mara mbili kwa mate ya mdogo wake, Diwani Keraryo, na watu wakapiga vigelegele. Nyumba nyingine zote kumi na mbili zilianguka.

"Nilisema mimi," Keraryo alimwambia kwa simu, sauti imejaa. "Tumeingiliwa, dada. Wageni wamejaa humu." Huyu ndiye aliyezunguka mikutanoni mwaka mzima akiidai sheria ile ya vinasaba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Keraryo alikuwa hajaona sababu ya kuinama.

Robhi aliyapanga majibu mezani. La Nyagonchera akaliweka kando, maana halikufanana na jingine lolote. Zikabaki nyumba kumi na moja. Alipozilinganisha zenyewe kwa zenyewe, mwili ukamsisimka: zilifanana mahali pote ishirini na saba, isipokuwa nyumba moja iliyoteleza kwa rudio moja, jambo ambalo hutokea tu vizazi vikipita. Watu wale walikuwa ndugu wa baba mmoja wa kale, bila shaka yoyote. Mashahidi kumi na mmoja wakisema neno moja na mmoja akasema lingine, ni nani wa kuhojiwa? Aliyetofautiana alikuwa ni msingi.

Na msingi aliutengeneza yeye.

Miaka kumi na minane nyuma alirudi nyumbani akiwa mwanafunzi, na vichupa kumi na vitatu kwenye sanduku. Alisimama mbele ya ukoo akaomba mate, kichupa kimoja kwa kila nyumba. Aliwaambia ni kwa ajili ya kitabu cha asili ya koo, kitabu tu, na alisema kweli kama alivyoijua siku hiyo. Akawaachia vichupa, kesho yake akavikuta vimejaa. Alisoma zile alama za upande wa baba peke yake, kwa kuwa fedha za utafiti hazikutosha kusoma zaidi, na vichupa vyote kumi na vitatu vikalingana bila kupungua wala kuzidi. Alirukaruka kwa furaha. Ukoo usiochanganyika! Ukurasa ule ulimpa udaktari. Miaka ikapita, Tume ikauchukua ukurasa ule ule ikaufanya kuwa sheria, na yeye akaajiriwa kuisimamia.

Sasa alivitoa vile vichupa vya zamani kwenye jokofu akavisoma upya. Safari hii hakutafuta alama za upande wa baba, ambazo ndugu wote huzishiriki. Alitafuta zile ambazo mtu huzipata kwa baba na mama, nusu kwa nusu, zinazomtofautisha hata na ndugu yake wa tumbo moja. Cha kwanza. Cha pili. Cha tano alikuwa ameshajua, lakini aliendelea hadi cha kumi na tatu.

Yalikuwa mate ya mtu mmoja.

Akatema kwenye kichupa chake mwenyewe akalinganisha. Nusu ya alama zake zilikuwa zimekaa mle, moja baada ya moja. Robhi aliketi sakafuni, chini kabisa, na mkoba wake kifuani.

*

Nyagonchera alikuwa nje ya hema akichambua maharage. Robhi alimwamkia, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza kuchambua naye. Hakujua aanzie wapi.

"Bibi, ule mwaka nilioacha vichupa. Mlivifanyaje?"

"Tulifanya ulichoomba. Uliomba mate ya ukoo."

"Niliomba ya kila nyumba."

Bibi alimtazama kwa huruma, vile anavyotazamwa mtu aliyesoma sana. "Binti Matiko, mate ni baraka. Mtu mzima hatemi hovyo. Anayetema kwa ajili ya ukoo ni mkubwa wa nyumba kubwa, na hakuwa mwingine ila baba yako. Tulimkalisha kigodani tukampa uji, akatema. Kufika kichupa cha tisa mdomo ukamkauka, ikabidi tumnusishe ndimu. Alivimaliza vyote kumi na vitatu, maskini, bila kulalamika. Hukuona jinsi tulivyokuheshimu?"

Robhi aliona. Aliona heshima ile yote, na akatamani ardhi ipasuke. Kosa halikuwa lao. Yeye ndiye aliyezaliwa pale, aliyetemewa mate ya baraka utosini siku anakwenda shule, na bado akawaachia vichupa kama mgeni aliyeshuka jana.

Lakini hilo lilieleza nusu tu. Kama mate yalikuwa ya baba yake, kwa nini baba yake hakufanana na nyumba zile kumi na moja?

"Bibi zangu wawili," alisema taratibu. "Weisiko na Nyangi. Walikaa boma moja. Siku zote nilidhani ni wake wenza."

Mikono ya Nyagonchera ilisimama ndani ya ungo. "Weisiko alikuwa mke wa nyumba kubwa, hakupata mtoto wa kiume. Nyumba kubwa ingezimikaje? Alimwoa Nyangi. Mimi nilikuwa msichana, nilishika kamba ya ng'ombe wa tatu siku wanatolewa. Nyangi akamzaa baba yako, na ukoo mzima ukala na kucheza." Akaanza tena kuchambua. "Sasa linalofuata usiliulize. Mimi sitalijibu, na wewe utakuwa umewatukana waliokulea."

Robhi aliinamia ungo, akaendelea kuchambua.

*

Alhamisi alimwita Keraryo ofisini, akafunga mlango, akamweleza yote. Diwani alikuwa mtu mnene wa furaha, lakini siku hiyo alipungua mbele ya macho ya dada yake. Aliitazama mashine.

"Kwa hiyo mgeni ni mimi," alisema.

"Kwa Msemakweli, ndiyo."

Alifuta uso kwa kiganja. Keraryo hakuwa mjinga, na hofu humnoa mtu. "Dada, sikiliza. Rekebisha msingi. Weka alama za zile nyumba kumi na moja, wapate haki yao, hilo sikupingi. Ila sisi tulishapita. Jibu letu limo kwenye daftari tangu Jumatatu. Usitupime tena. Nani atakuuliza?"

"Na Nyagonchera?"

"Nyagonchera angeanguka hata msingi ungekuwa sawa. Hukumwonea wewe, sheria ndiyo ilivyo." Akainama mbele. "Wanangu wanne. Watoto wa marehemu kaka, saba. Mama na magoti yake yale. Utawapeleka kambini ili iweje? Na umfukue bibi Nyangi mbele ya umati, watu waanze kuhesabu nani alipita njia mwaka gani? Bibi aliyekubeba mgongoni?"

Ubaya ni kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Nyumba kumi na mbili zingepona, nyumba moja ingeumia, na hiyo moja ilikuwa tayari imeumia. Keraryo alipoondoka, Robhi alirekebisha msingi akachapa orodha mpya. Zile kumi na moja zikaingia, ya Matiko ikabaki ilipokuwa, Nyagonchera akabaki nje. Aliisoma mara tatu. Ilikuwa orodha nzuri yenye uongo mmoja tu, na alikuwa ameipenda, Mungu amsamehe. Alikunja karatasi akaitia mkobani.

*

Ijumaa walikusanyika ndani ya ghala la pamba, kwa kuwa uwanja ulikuwa umelowa. Nje malori ya Tume yalisubiri. Bi. Tunu Makame, ofisa wa Tume, alikuwa ameketi mezani na mhuri wake, na kando yake Mzee Gesabo, mwenyekiti wa wazee, aliyekuwa kiziwi wa sikio moja na mkali kwa masikio yote mawili.

Nyagonchera aliketi mstari wa mbele. Alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake kwa khanga, kama mtu anayejua safari yake.

Robhi alianza kusoma. Alieleza kwanza kwamba msingi wa awali ulikosewa, na kwamba kosa ni lake. Kisha akazitaja nyumba kumi na moja zilizolingana na msingi sahihi. Kila jina lilipigiwa vigelegele, na kila mkubwa wa nyumba alikwenda mezani akapokea cheti. Keraryo alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

Zikabaki mbili. Robhi aliinua macho, yakakutana na ya Nyagonchera. Bibi alikuwa ameshaelewa, labda tangu Jumatano. Alitikisa kichwa, kidogo sana: usiseme. Alikuwa radhi kwenda kambini akafie nchi ya watu kuliko nyumba ya Nyangi itajwe mdomoni mwa umati. Kama asingetikisa kichwa, huenda Robhi angesoma orodha ilivyoandikwa. Kilichomshinda ni kile kichwa.

"Nyumba ya Nyagonchera," alisema. "Haikulingana. Nyumba ya Matiko Keraryo, ambaye ni baba yangu. Haikulingana."

Keraryo alibaki na viganja vimeachana hewani.

"Kasemaje?" Mzee Gesabo aliuliza kwa nguvu.

Ikabidi mtu amrudie sikioni, akipaza sauti: nyumba ya Matiko si ya Wanyarero! Maneno yakasikika mara ya pili hadi kwenye malori, na Robhi akafumba macho.

"Basi nyumba hizo mbili zisimame upande ule," Bi. Tunu alisema bila ubaya, akiinua mhuri. "Wengine tupande."

"Tupande wapi?" Mzee Gesabo alimgeukia. "Nani atatema mate?"

"Samahani, mzee?"

"Ardhi haiingiliwi hivi hivi, mama. Mkubwa wa nyumba kubwa hutema, ndipo watu wakaingia. Baba yake alitema. Babu yake alitema. Sasa unamtoa huyu, nani atatema? Wewe?"

"Mzee, vinasaba vinaonyesha kwamba..."

"Nimesikia vinavyoonyesha, nimepigiwa kelele sikioni. Ndama ni wa mwenye zizi." Akachukua cheti chake akakirudisha mezani. "Hiki nacho kitunze mpaka mtakapoelewana na akili zenu."

Mwingine akainuka, akarudisha chake. Kisha mwingine. Vilirudi saba. Nyumba nne hazikurudisha. Mwanamke mmoja alikibana cheti kifuani pamoja na mtoto mchanga aliyekuwa akikohoa, akatazama chini, na hakuna aliyethubutu kumlaumu, kwa maana maji yalikuwa yamefika ukuta wa ghala.

Bi. Tunu aliufunika mhuri. "Hili halimo kwenye fomu yangu," alisema. "Nitalipeleka Tume. Lakini hadi nipate jibu, hakuna lori litakaloondoka, na siwaahidi kwamba jibu litakuwa zuri. Mnaelewa? Mnaweza kukosa wote."

"Tumeelewa," Mzee Gesabo alisema. "Mura, kijana wangu, njoo hapa utubariki tukingoja."

Alikuwa akimwita Keraryo. Diwani aliinuka kama mzee. Alisimama katikati ya watu ambao mwaka mzima alikuwa akiwachambua damu, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alimeza, akajaribu tena. Midomo ilikuwa imekauka, mikavu kabisa, na machozi yakaanza kumtiririka mahali ambapo mate yalikuwa yamegoma.

Nyagonchera alifungua mzigo wake pale chini, bila haraka, akatoa chupa ya maji ya safari. Alimwendea akampa.

"Kunywa, mura. Watu wanangoja."

Keraryo alikunywa. Alipiga funda moja, akalitunza mdomoni, kisha akawatemea watu wake, kulia na kushoto, manyunyu membamba yaliyoangukia vichwa vya wazee, mtoto aliyekohoa, vile vyeti saba mezani na viatu vya Bi. Tunu. Nyagonchera akaipokea chupa yake akarudi kuketi. Alimpita Robhi karibu kiasi cha kugusana, na hakumtazama.

Robhi alikuwa bado amenyoosha mkono, kidogo tu, tone limwangukie. Halikumfikia.